Kanda zetu zaozea masandukuni: kisa cha mpenzi wa muziki wa Shella



Majuzi kijana mmoja wa mtaani kwetu, hapa Shella Malindi, alinijia barazani na kapu la ukili limejaa kaseti. Nyumba ya marehemu bibi yao ilikuwa yavunjwa ijengwe upya, na kapu lile lilitolewa chini ya kitanda pamoja na viatu vikuukuu na taa za chemni. Akaniuliza kwa adabu: "Ami, hizi bado zina faida, au nikazitie moto?"

Nilizihesabu, zikawa 41. Nyingine zimeandikwa kwa kalamu ya wino majina ya waimbaji, nyingine zimeandikwa "harusi" tu, na nyingine hazina neno lolote. Nikamwambia aziache kwangu. Akacheka kidogo, akaenda zake. Najua alichokifikiria: mzee ana wazimu wa makorokoro. Leo nataka nieleze kwa nini sikuzirudisha, na ili nieleze hilo ni lazima nianze mbali kidogo, na pia nikiri kosa langu mwenyewe.

Redio ya shangazi

Mimi nililelewa na shangazi yangu, Mungu amrehemu. Mali yake kubwa ilikuwa redio kaseti iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na sanduku la bati la kanda. Kila alasiri baada ya kupika, redio ilifunuliwa. Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza.

Mfalme wa sanduku lile alikuwa Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi, ambaye sauti yake ilivuma pwani nzima hadi alipofariki mwaka 2014. Bhalo alizichukua tuni za filamu za Kihindi akazivika mashairi ya Kiswahili, na mengi ya mashairi hayo yalitungwa na nduguye, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye kitabu cha Malenga wa Mvita. Kando ya Bhalo alikuwapo Zein l'Abdin wa Lamu na udi wake. Huyu alishika mkondo wa Kiarabu na mashairi ya kale, na akaimba tungo za Sheikh Ahmed Nabhany. Kisha Zuhura Swaleh, aliyetia mapigo ya chakacha ndani ya tarabu, na pembeni taishokoto ikilia kama nyuzi za udi zilizokazwa kupita kiasi. Taishokoto ni chombo cha Kijapani, kilichobuniwa Nagoya mwaka 1912. Kina vibonye kama vya mashine ya kupigia chapa. Sisi tulikizoea hata tukadhani kimezaliwa Mombasa.

Nilikuwa sijui kwamba nasoma. Shangazi alikuwa akinisimamisha katikati ya wimbo na kuniuliza: "Hapo amekusudia nini?" Nikijibu maana ya juu juu, aliguna. Tarabu ya kwetu ina mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na yeye alitaka niingie kwa mlango wa nyuma.

Mtaliana wa Ngomeni

Wasomaji wa Malindi wajua kwamba Wataliana hawakuletwa kwetu na hoteli peke yake. Kule Ngomeni, kaskazini ya mji, Italia ilijenga kituo cha San Marco katika miaka ya 1960, na roketi zikawa zarushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini. Tarehe 12 Disemba 1970 iliruka setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa yasherehekea uhuru wake. Kazi hiyo ilileta mafundi na wahandisi, na baadhi yao walipanga nyumba mjini.

Mwaka 1984, nikiwa na miaka 17, nilikuwa nikimwagilia maji bustani ya mmoja wao. Jioni alikaa roshani na kufungulia muziki. Siku ya kwanza nilidhani redio yake imeharibika, maana wimbo haukwisha. Ulianza pole kwa gitaa, ukaingia filimbi, ukaenda mbio, ukasimama, ukabadilisha pigo, kisha ikaja fidla. Ile fidla ndiyo iliyoniua. Nikaweka ndoo chini.

Ulikuwa muziki ambao kwa Kiingereza huitwa progressive rock, yaani roki ya vijana wa Ulaya waliochoka na nyimbo za dakika tatu. Mwaka 1969 King Crimson wa Uingereza walitoa sahani yao ya kwanza, na wengi wakafuata njia hiyo. Mwaka 1972 Genesis walitoa wimbo mmoja wenye dakika zaidi ya 20, na Yes wakatoa wa dakika kama 18. Italia nayo haikubaki nyuma. Kundi nililolisikia bustanini lilikuwa Premiata Forneria Marconi, lililoundwa Milano mwaka 1970. Sahani yenyewe ilikuwa Per un amico ya mwaka 1972, maana yake "Kwa rafiki". Filimbi na fidla zote zilipigwa na mtu mmoja, Mauro Pagani. Ngoma zilipigwa na Franz Di Cioccio, na vinanda na Flavio Premoli.

Naomba mlizingatie jambo hilo. Nayajua majina yao mpaka leo kwa sababu yaliandikwa kwenye jalada: nani kapiga nini, nani katunga, imerekodiwa wapi. Lakini katika sanduku la shangazi, ambalo lilikuwa damu yangu na lugha yangu, sikujua hata jina moja la mpiga tabla.

Chombo hukata wimbo

Kwa miaka mingi nilipenda miziki hii miwili bila kujua kwa nini imekaa pamoja moyoni mwangu. Watu walinicheka. Baadaye nikafahamu kwamba yote miwili inapigania kitu kimoja, nacho ni nafasi.

Wimbo huishi ndani ya chombo. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na wenzake, sahani za santuri za wakati ule zilichukua dakika kama tatu tu kwa upande. Wimbo ambao nyumbani ungeimbwa mpaka watu watunze na kurudia, pale ulikatwa ukatosha sahani. Zikaja sahani ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, kama zile za lebo ya Mzuri iliyotolewa na duka la Assanand pale Mombasa. Nazo zilichukua dakika tatu au nne kwa upande. Nyimbo nyingi za Afrika Mashariki zikapasuliwa mapande mawili: sehemu ya kwanza huku, ya pili kule, na msikilizaji ainuke kugeuza sahani wakati utamu ndio waanza kukolea.

Wale vijana wa Ulaya walipata sahani kubwa, yenye dakika 20 na zaidi kwa upande, wakasema: basi tuijaze yote kwa hadithi moja. Sisi nafasi yetu ililetwa na kaseti. Kampuni ya Philips iliionyesha mara ya kwanza Berlin mwaka 1963, na ilipofika pwani ikawa ni baraka. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande. Mtu aliweza kuiweka redio mbele ya wapigaji kwenye harusi na kuuchukua wimbo wote, beti zote, pamoja na vigelegele, watunzaji, na mzee anayeomba beti irudiwe. Isitoshe, kaseti haikuhitaji kiwanda. Kila nyumba iliweza kurekodi na kila duka liliweza kunakili.

Ndiyo maana nasema kanda hizi si makorokoro. Sahani za madukani zimehifadhi tarabu iliyokatwa. Tarabu nzima, kama ilivyopigwa Malindi, Mambrui, Takaungu na Lamu mbele ya watu wake, imo kwenye kaseti za nyumbani, na nyingi ya hizo hazina nakala ya pili popote duniani.

Kosa langu

Sasa nikiri.

Mtaliana yule alikubali kuniazima kaseti yake usiku mmoja tu, kwa kuwa kesho yake alikuwa asafiri. Rafiki yangu alikuwa na redio ya milango miwili. Tatizo lilikuwa kanda tupu, na mfukoni sikuwa na senti. Nikaenda kwenye sanduku la shangazi nikatoa moja iliyoandikwa "harusi" bila jina. Ilikuwa imevunjwa vile vijino viwili vya nyuma, ambavyo vikiondolewa redio hukataa kurekodi. Shangazi alivivunja makusudi ili mtu asiifute. Mimi nikaziba matundu kwa karatasi na gundi, nikarekodi juu yake.

Kwa wasiojua: redio ya kaseti inaporekodi, kanda hupita kwanza kwenye kichwa cha kufutia, kisha kwenye kichwa cha kurekodia. Kilichokuwapo hakifichwi chini ya kipya. Kimekwenda, wala hakuna fundi wa kukirudisha.

Miezi miwili baadaye shangazi aliitafuta kanda ile. Ilikuwa ya harusi ya dada yake mdogo, ambaye alifariki akijifungua. Nilipomwambia, hakunipiga wala hakunitukana. Aliinuka akaifunika redio kwa kile kitambaa chake, na wiki nzima haikufunguliwa.

Per un amico ina dakika kama 34, na upande wa kanda ulikuwa dakika 45. Kwa hiyo zikabaki dakika 11 za mwisho za ile harusi. Wimbo wenyewe wakati huo umekwisha. Zasikika nyuzi za udi zikitengenezwa, wanawake wakicheka, kisha sauti ya bibi yangu mzaa baba yaamuru wapigaji wapelekewe kahawa na halua, na wasipewe ya kupoa. Halafu waanza wimbo mwingine, beti moja na nusu, na kanda ikakatika.

Hiyo ndiyo sauti pekee ya bibi yangu iliyobaki. Mwimbaji sijui ni nani. Niliwauliza wazee wawili kabla hawajaondoka duniani, kila mmoja akanitajia mtu mwingine. Tangu siku ile nikaanza kuandika. Nina madaftari manane sasa, na katika miaka ya karibuni nayaingiza kwenye kompyuta: kila kanda ninayopewa, imetoka nyumba gani, nani anaimba, nani ametunga, chombo gani kimepigwa na nani, shughuli gani, mwaka gani au angalau kabla ya jambo gani. Pasipojulikana naacha wazi, wala sijazi kwa kubahatisha.

Kanda hufa vipi, na huokolewa vipi

Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa madini ya chuma uliogandishwa kwa gundi. Sauti imo katika sumaku ya ule unga. Joto, unyevu na chumvi ya bahari vyote ni maadui zake, na sisi wa Shella twakaa navyo vitatu usiku na mchana. Utepe wa kaseti ya dakika 90 ni mwembamba kuliko wa dakika 60, hivyo hunyooka na kumezwa na mashine kwa urahisi zaidi. Hata mguu wa sponji, ule unaosukuma utepe ukutane na kichwa cha redio, hubanduka kwa uzee.

Ukipata kanda za zamani, usikimbilie kuzipiga. Nifanyavyo mimi ni hivi:

Kwanza, itazame. Ukiona unga mweupe wa ukungu kwenye utepe, iweke mbali na nyingine na umpe anayejua, maana ukungu huingia mashineni na kuambukiza kanda zote. Ikiwa vijino vya nyuma vipo, vivunje kabla ya lolote. Haya nayasema mimi mwenye dhambi.

Pili, safisha vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti, na uiache ikauke. Peleka kanda mbele hadi mwisho kisha uirudishe mwanzo mara moja, ili tabaka zilizogandana ziachane polepole.

Tatu, usirekodi kwa kuiweka simu mbele ya spika. Tumia waya kutoka tundu la hedifoni au la nyuma ya mashine uingie kwenye kompyuta. Programu ya Audacity ni ya bure na yatosha. Hifadhi kwa muundo usiobana sauti, yaani WAV. Saa moja kwa ubora wa CD ni kama megabaiti 635, si kitu kikubwa kwa bei za siku hizi.

Nne, usiisafishe sauti katika nakala ya kwanza. Watu hupenda kuondoa ule mchakacho, lakini programu ikiondoa mchakacho huondoa pia pumzi ya mwimbaji na mwangwi wa nyuzi. Nakala ya asili iache na vumbi lake. Ukitaka iliyosafishwa, tengeneza nyingine.

Tano, weka nakala mahali pawili au zaidi, moja iwe nyumba nyingine. Flashi moja mfukoni haihifadhi kitu. Na kaseti yenyewe usiitupe.

Sita, na hili ndilo kubwa: mwite mzee asikilize pamoja nawe, na uandike anachokisema. Sauti bila jina ni nusu ya hazina. Mashine za kupigia kaseti bado zapatikana na zarekebishika, lakini wenye kumbukumbu hawarekebishiki.

Amana ya watu

Kuna ndugu zangu wanaoniuliza: je, muziki huu si wa kuachwa ukapotea tu? Suala la hukumu ya muziki lina wanavyuoni wake, na mimi si mmoja wao. Ninachosema ni kwamba katika kapu lile la kaseti 41, kumi na mbili ni mawaidha na maulidi, na mbili ni mzee asomaye utenzi. Anayetia moto kapu hachagui. Na humo katika tarabu mna Kiswahili ambacho watoto wetu hawakisikii tena, maneno ya Kimvita na Kiamu ambayo ukiyatafuta kwenye kamusi ya shule huyapati.

Kuna jambo jingine lililonifunza adabu. Mwaka jana niliokoa kanda ya kesha la wanawake, kanda nzuri mno, na nikataka kuiweka kwenye intaneti ili walio Muscat na London waisikie. Binti wa mwenye nyumba akaniambia: "Ami, mama na wenzake waliimba wakijua wanaume hawapo." Nilinyamaza. Alikuwa na haki. Kanda ile imehifadhiwa, ana nakala yake, na kwangu imefungwa. Si kila kinachookolewa ni cha kusambazwa. Vivyo hivyo tungo zina wenyewe. Mtunzi akifa haki haifi naye, bali huwarithi wanawe, na wengi wao wako hapa hapa tunawaamkia kila siku. Kuwauliza hakugharimu kitu. Siku hizi naona mashairi ya watu yakirushwa mitandaoni bila jina la mtunzi, na huyo aliyerusha ndiye anayekusanya sifa. Hilo halina tofauti kubwa na nilivyofanya mimi mwaka 1984, ila yeye anafuta jina na mimi nilifuta sauti.

Muziki wa yule Mtaliana naupenda mpaka leo, wala sijutii kuupenda. Umenifundisha kusikiliza wimbo mrefu mpaka mwisho, na umenionyesha kwamba mpiga ngoma naye ni mtu wa kuandikwa jina. Ninachojutia ni kwamba niliulipia kwa mali isiyokuwa yangu.

Basi ombi langu kwenu ni dogo. Kabla ya kuvunja nyumba, angalieni chini ya vitanda na juu ya makabati. Msichome. Muulizeni bibi, muulizeni shangazi, aseme sauti hiyo ni ya nani, na muandike nyuma ya kaseti kwa kalamu isiyofutika. Yule kijana wa kapu alirudi Ijumaa iliyopita. Nilimchezea kanda moja kati ya zile zisizoandikwa neno. Alisikiliza kimya, kisha akaniomba nirudishe nyuma. Katikati ya makofi alikuwa ametambua sauti ya bibi yake.

Sasa anakuja kila jumamosi. Tumefika kanda ya tisa.